Jitu Lililochemsha

Madereva wa malori wana neno moja kwa injini iliyozidiwa na joto: imechemsha. Ukipanda mlima Kitonga siku ya jua kali utalikuta neno hilo limesimama kando ya barabara. Lori limepaki, mawe yamewekwa nyuma ya magurudumu, kichwa kimebinuliwa mbele, na utingo ameshika dumu la maji akisubiri rejeta ipoe ndipo aguse mfuniko. Vijana wa mjini nao wakalichukua neno hilohilo wakalipa kazi nyingine. Mtu akifeli mtihani, akikosa penalti, akisahau maneno mbele ya wakwe, basi amechemsha.

Sura hii ni ya ndege iliyochemsha kwa maana ya madereva, na ambayo kwa miaka mingi imehesabiwa kuwa ilichemsha kwa maana ya vijana pia. Iliitwa Douglas XB-19. Iliundwa moja tu, katika mji wa Santa Monica, California. Iliporuka kwa mara ya kwanza, Juni 27, 1941, Marekani haikuwa na ndege ya mabomu kubwa kuliko hiyo. Miaka 8 baadaye ilikatwakatwa kuwa vyuma chakavu katika jangwa la Arizona, bila kuwahi kudondosha bomu hata moja juu ya adui. Maana ya kwanza ya neno inaistahili kabisa. Kuhusu maana ya pili, nina shaka.

Ukubwa wa kukopa

Tuanze na mwili. Kutoka ncha hadi ncha, mabawa yake yalikuwa mita 64.6. Zile Dreamliner za aina ya 787-8 tunazoziona zikitua Dar es Salaam na Nairobi zina mita 60 na kidogo. Yaani ndege iliyochorwa miaka ya 1930, kwa penseli na rula ya hesabu, iliipita Dreamliner kwa zaidi ya mita 4. Magurudumu yake makuu mawili yalikuwa na kimo cha mita 2.4 kila moja. Mtu mrefu akisimama kando ya tairi asingeweza kuchungulia ng'ambo yake. Matangi yalimeza takriban lita 42,000 za petroli, mzigo wa kujaza lori zima la mafuta, trela na yote. Kwa kuwa ilikusudiwa kukaa angani usiku na mchana, ndani mliwekwa vitanda vya wale waliomaliza zamu na jiko dogo la kupashia chakula. Wanajeshi zaidi ya 15 walipangiwa kusafiri nayo, na silaha zake zilikuwa mizinga 2 ya milimita 37 pamoja na bunduki za rashasha 11.

Sasa tutazame uzito. Dreamliner huruhusiwa kupaa na tani 228 hivi. XB-19, ikijazwa kila kitu, ilifika tani 73. Mabawa mapana zaidi, mzigo chini ya theluthi. Kwa nini?

Jibu limo kwenye injini. XB-19 ilikuwa na injini 4, kila moja ikitoa nguvu za farasi 2,000. Jumla ni 8,000. Gawanya kwa tani 73 na utapata kama farasi 110 kwa kila tani, kipato kidogo sana kwa mwenye familia kubwa kiasi hicho. Mhandisi asiye na nguvu za kutosha hulazimika kukopa kwenye mabawa: anayarefusha ili ndege ielee kwa mwendo wa polepole bila kupoteza nguvu nyingi. Mkopo huo una riba. Mabawa marefu ni mazito na hukinzana na upepo, na ukitaka mwendo wa kasi yanakurudisha nyuma.

Kuna hesabu nyingine iliyowanyima usingizi waundaji wa ndege za aina hii. Ukikuza kitu mara mbili kwa kila upande, eneo lake huongezeka mara nne, lakini ujazo wake huongezeka mara nane, na uzito hufuata ujazo. Bawa hubeba kwa eneo lake. Kwa hiyo kila hatua ya kukua humfanya mbebaji aachwe nyuma na mzigo. Juu ya hapo kuna mafuta. Misafara ya zamani iliyotoka pwani kwenda bara iliijua taabu hii vizuri: mpagazi anayebeba chakula naye anakula, na kadiri safari inavyorefuka ndivyo mizigo mingi zaidi inavyokuwa chakula cha wabeba chakula. Ndege ya masafa marefu nayo, saa za mwanzo, huchoma mafuta mengi kwa ajili tu ya kuyabeba mafuta itakayoyachoma baadaye.

Dawa ya taabu zote hizi ni moja: injini yenye nguvu nyingi kwa uzito mdogo, isiyo mlafi, na inayoweza kufanya kazi saa nyingi mfululizo bila kuchemsha. Mwaka 1935 injini ya namna hiyo haikuwepo.

Kushona kanzu kabla ya kumpima mtu

Mradi wenyewe ulianza Februari 1935. Kikosi cha anga cha Jeshi la Marekani kiliuita Mradi D na kuuweka siri. Hiyo ilikuwa miaka ya mdororo wa uchumi. Fedha zilikuwa za kudunduliza, na wakubwa wengi wa jeshi hawakuona haja ya ndege za mabomu za masafa marefu. Maofisa wa anga wakajenga hoja ya ulinzi. Nchi yao wakati huo ilikuwa na Hawaii katikati ya bahari, ilikuwa na Alaska kule kwenye baridi, ilikuwa na mfereji wa Panama. Ndege iendayo mbali ingefika huko bila kutua njiani. Moyoni walitaka kujua jambo pana zaidi: ndege inaweza kuwa kubwa kiasi gani, na kwenda mbali kiasi gani, kabla maumbile hayajaikatalia?

Kampuni mbili, Douglas na Sikorsky, zilitakiwa kuleta michoro, na kazi ikaangukia Douglas. Mchoro wa mwanzo ulitegemea injini za Allison V-3420, aina mpya iliyokuwa bado kwenye karatasi. Novemba 1936 mpango ukabadilishwa: ndege itumie injini ya Wright R-3350. Hii nayo ilikuwa bado haijawahi kuwashwa hata mara moja. Ilinguruma kwa mara ya kwanza mwaka 1937, ikiwa imefungwa kwenye meza ya majaribio, wakati wachoraji wa Santa Monica tayari wanachora mabawa ya kuibebea.

Hiyo ni sawa na fundi kushona kanzu ya bwana harusi ambaye bado hajazaliwa. Lakini ndivyo kazi ilivyokuwa enzi hizo. Mwili wa ndege ulichukua miaka michache kuundwa. Injini mpya ilichukua miaka mingi zaidi, kwa sababu kila kasoro yake hujitokeza baada ya mamia ya saa za kufanya kazi. Aliyetaka ndege ya kesho alilazimika kubahatisha injini ya kesho. Kampuni ya Boeing ilikuwa imekwishaonja bahati hiyo. XB-15 yake, dada mkubwa wa XB-19, iliruka Oktoba 15, 1937. Injini za Allison zilizokusudiwa hazikuwa tayari, ikafungwa injini za Pratt & Whitney zenye nguvu ndogo, ikawa ndege pana, yenye njia ndani ya mabawa za fundi kutambaa hadi kwenye injini, lakini nzito ya mwendo. Heshima yake kubwa iliipata Februari 1939 ilipopeleka dawa Chile baada ya tetemeko la ardhi. Kazi nzuri, ila si kazi iliyoundiwa.

Kufikia mwaka 1938 Douglas wenyewe walikuwa wamechoka. Mradi ulikuwa unapewa fedha kwa vijiko, injini hazifiki, na mchoro ulikuwa unazeeka juu ya meza. Kampuni ilitaka wahandisi wake warudi kwenye ndege zinazouzika, ikaliomba jeshi liachane na hilo jitu. Jeshi likakataa. Kazi ikaendelea kwa kinyongo. Mkataba uliilipa Douglas kama dola milioni 1.4, kutoka mfukoni mwake kampuni ilitoa karibu dola milioni 4.

Dakika 55

Jitu lilikamilika Mei 1941. Safari ya kwanza iliahirishwa mara kadhaa, leo breki, kesho injini inapiga fataki, keshokutwa mitambo ya kugeuza pangaboi. Hatimaye, Juni 27, siku 5 baada ya Ujerumani kuivamia Urusi ya Kisovieti, Meja Stanley Umstead akaondoka nalo kiwanja cha Clover Field akiwa na wenzake 6. Waliruka dakika 55 na kutua salama kiwanja cha jeshi cha March Field, upande wa mashariki. Rais Roosevelt alimpelekea Donald Douglas, mwenye kampuni, salamu za pongezi.

Desemba 7 mwaka huo Wajapani wakashambulia Pearl Harbor, na California nzima ikaanza kutazama baharini kwa hofu. XB-19 ikapakwa rangi za kujificha, bunduki zake zikajazwa risasi, na majaribio ya mwisho pwani yakafanywa na watu wakiwa wamekaa nyuma ya bunduki. Januari 23, 1942 ikapelekwa mbali na bahari, Wright Field mjini Dayton, Ohio. Huko ndiko ugonjwa wake ulikopimwa sawasawa.

Ili kuuelewa, tuifungue injini. R-3350 ilikuwa na silinda 18 zilizopangwa kama miale ya jua: duara la silinda 9 mbele, duara jingine la 9 nyuma yake. Ujazo wake wote ulikuwa karibu lita 55, kama injini za Corolla zaidi ya 30 zilizokusanywa mahali pamoja. Haikuwa na rejeta wala maji. Kila silinda ilizungushiwa mapezi membamba ya chuma, na upepo wa safari ndio uliotakiwa kupita katikati ya mapezi hayo ukachukua joto. Hapo pana kasoro ya kuzaliwa nayo: upepo unaofika duara la nyuma umeshapita duara la mbele. Silinda za nyuma zinapulizwa na pumzi ya moto ya wenzao.

Nyuma ya bati linaloifunika injini kulikuwa na vibao vinavyofunguka na kufungika kama mashavu ya samaki. Ukivifungua, upepo mwingi hupita na injini hupoa. Lakini vibao vilivyotanuliwa hushika upepo wa nje pia, na ndege hupungua mwendo. Ukivifunga, mwendo unarudi, na mshale wa joto unaanza kupanda.

Fikiria basi kazi ya mhandisi wa ndani ya ndege hiyo, mbele yake vipimo vya injini 4, silinda 72 kwa jumla, na mkononi swichi za vibao. Afunge, zichemshe, afungue, safari irefuke na mafuta yaishe. Kwa masafa marefu ilibidi viachwe wazi. Mwendo wa juu, uliokuwa kilomita 360 kwa saa, ukashuka hadi kama 328. Kwa ndege ambayo tangu mwanzo ilitegemea kubana kila tone la petroli, hiyo ilikuwa hukumu. Matatizo mengine mengi ya jitu lile yalitibika kwa spana. Hili la joto lilikuwa ndani ya injini yenyewe.

Moyo mpya, mwili mkuukuu

Mwaka 1943 jeshi liliamua kuing'oa mioyo ile na kuweka mingine. Na ilikuwa ipi? Ileile Allison V-3420 ya mchoro wa kwanza kabisa, ambayo sasa ilikuwa imepatikana. Kazi ya kuibadilisha ilipewa Fisher, tawi la General Motors lililozoea kuunda bodi za magari.

V-3420 ilibuniwa kwa ujanja wa kutumia kilichopo. Allison walikuwa tayari na injini ya silinda 12, V-1710, iliyokuwa ikiendesha ndege nyingi ndogo za kivita. Wakachukua mbili, wakaziweka ubavu kwa ubavu ndani ya bloku moja, kila upande na kranki yake, kisha wakaziunganisha kwa gia zikazungusha pangaboi moja. Silinda 24, nguvu za farasi 2,600. Zaidi ya yote, ilipozwa kwa majimaji yaliyozunguka hadi kwenye rejeta, hivyo kila silinda ilipata baridi yake kwa haki.

Ndege ikapewa jina jipya, XB-19A. Mwendo ukapanda hadi kilomita 426 kwa saa, na kuchemsha kukakoma. Kwa mara ya kwanza jitu lilikuwa na moyo unaolitosha. Lakini saa zilikuwa zimekwenda. Boeing B-29 ilikuwa imekwisharuka tangu Septemba 1942, ikiwa na mabawa ya mita 43 tu, uzito wa tani kama 60, na kasi ya kuliacha jitu lile mbali sana. Ukipiga hesabu yetu ya mwanzo, B-29 ilikuwa na karibu farasi 147 kwa kila tani. Haikuhitaji kukopa sana kwenye mabawa.

XB-19A ikabaki kubeba mizigo na kufanyiwa majaribio kati ya viwanja vya Ohio.

Waliosikia na wasiosubiri

Vitabu vingi vya ndege hufunga habari ya XB-19 kwa sentensi moja ya faraja: kwamba yaliyojifunzwa kwake yalisaidia kuunda B-29 na baadaye B-36. Ni kweli. Kuendesha mwili mkubwa hivyo, kuushusha juu ya gurudumu la pua, kupanga watu wengi kwa safari ndefu, yote hayo yaliandikwa kwenye madaftari ya Dayton. Lakini sentensi hiyo inaruka jambo moja zito.

B-29 ilitumia injini gani? R-3350. Ileile.

Kufikia 1942 ilikuwa inajulikana kwamba injini ile inachemsha. Ila Marekani ilikuwa vitani, na hata kabla B-29 ya kwanza haijaacha ardhi, zaidi ya 1,600 zilikuwa zimeshaagizwa. Viwanda vilijengwa huku injini zikiendelea kurekebishwa. Februari 18, 1943 rubani wa majaribio Eddie Allen aliondoka Seattle na B-29 ya pili. Injini ikashika moto. Bloku la R-3350 lilikuwa na magnesi, madini mepesi ambayo yakishawaka hayazimiki kirahisi. Allen alijaribu kurudi kiwanjani. Ndege ikaangukia kiwanda cha nyama. Watu wote 11 waliokuwamo walikufa, na pamoja na waliokuwa chini, waliopoteza maisha walizidi 30.

Aprili 1944, B-29 za kwanza zikiwa njiani kwenda India, joto la Karachi lilizikuta. Ndege kadhaa zikaanguka, nyingine zikazuiwa kuruka hadi tiba ipatikane. Tiba ilikuja kidogokidogo: mabati ya kuelekeza upepo mahali panapohitaji, oili zaidi kwenye vali za silinda zilizoteseka, vibao vifupi zaidi, na mwishowe kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda badala ya kutegemea kabureta. Marubani nao wakajifunza adabu ya injini yao. Wakishaacha ardhi hawakuinua pua haraka. Walikaa chini kwanza, juu ya mawimbi, wakikusanya mwendo ili upepo upite kwenye mapezi, ndipo wapande.

Agosti 6, 1945 injini 4 za ukoo huo ziliibeba B-29 iliyoitwa Enola Gay, pamoja na bomu la atomiki, hadi Hiroshima. Sehemu kubwa ya urani ya mradi uliotengeneza bomu lile ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, nchi ambayo lugha ya migodi na masoko yake ni Kiswahili hikihiki. Wachimbaji hawakuambiwa wanachimba nini, wala kinakwenda wapi. Ndege ya masafa marefu iliyoanza kama swali la wahandisi, je, tunaweza kwenda mbali kiasi gani, ilikuwa imepata jibu, na jibu lilipita mikononi mwa watu ambao hawakuwahi kuulizwa lolote.

Baada ya vita R-3350 ilitulia. Ikawekewa mitambo ya kurudisha nguvu za moshi kwenye kranki, ikavusha abiria Atlantiki ndani ya Super Constellation na DC-7. Injini iliyoua wengi ikiwa changa ilizeeka ikiwa na heshima.

Mfuniko

Agosti 8, 1946, B-36 iliruka kwa mara ya kwanza, ikiwa na mabawa mapana kuliko ya XB-19 na injini 6. Siku 9 baadaye, Agosti 17, XB-19A iliruka kwa mara ya mwisho, kwenda Davis-Monthan karibu na Tucson, Arizona, mahali ndege zinapohifadhiwa jangwani. Mwaka 1949 ikakatwa. Kilichobaki cha kuonekana ni magurudumu: moja liko makumbusho ya Dayton, jingine Utah.

Je, lilichemsha? Kwa maana ya madereva, ndiyo, na lilichemsha mapema, mwaka 1942, mbele ya watu wenye vipimo na madaftari, bila kuua mtu. Ndiyo kazi iliyolifanya liundwe. Hakuna utingo aliyezaliwa akijua kwamba mfuniko wa rejeta haufunguliwi kwa pupa. Mbele yake yupo aliyeungua mkono, na yupo aliyesimama akatazama. XB-19 ilitoa mkono wake. Waliokuwa na haraka hawakusimama.